Ati hakuna ambaye angejua?

Kwenye ile posti yenu ya mafuriko, hapo mlipoandika mto Guadalupe kule Texas, Marekani, ulipanda kama mita 8 ndani ya dakika 45 usiku ule wa Julai 4, 2025 na ati hakuna ambaye angejua, mi nakataa, maana watu wao wa hali ya hewa walishatoa tahadhari saa 7 na dakika 14 usiku, shida watoto wa Camp Mystic, kambi ya wasichana ukingoni mwa mto huo, wamelala na mtoni pale hakuna king'ora, wakafa wasichana na walezi wao, jumla 27. Mimi nimekulia Gulwe huku Mpwapwa, mto wetu Kinyasungwe naujua, miezi kibao mchanga mtupu tunachimba maji kwa bakuli, halafu usiku mmoja kwenu hata tone hamna, nyota zinawaka, kumbe mvua imepiga milimani huko, unasikia muungurumo kama treni ya mizigo (na treni sisi tunaijua), muda si mrefu mbuzi wa jirani wanaelea. Bibi yangu alikuwa anagonga debe tunakurupuka na mablanketi hadi kwenye tuta la reli, hiyo ndo king'ora yetu. Sasa hizi kambi za masomo za darasa la saba na fomu foo, watoto wanalala chini madarasani, na kuna shule naijua iko ukingoni kabisa mwa korongo, mlinzi mmoja tu na tochi ya simu. Nyie wenye watoto kambini mshawahi kuuliza mvua ikinyesha usiku nani anakaa macho, na wanakimbilia wapi?