Televisheni Haikuanza 1994

Juzi nilikuwa natizama chemsha bongo moja. Swali: televisheni ilianza lini Tanzania? Kijana akajibu 1994. Makofi, alama zake akapewa. Nikazima.

1994 ndio mwaka ITV ya marehemu Mengi ilipoingia hewani Dar es Salaam, baada ya sheria ya 1993 kuruhusu vituo vya watu binafsi. Sina ugomvi na hilo. Lakini 1974, Mapinduzi ya Zanzibar yanatimiza miaka kumi, Unguja tayari kuna TVZ, Televisheni Zanzibar ya serikali. Tena ya rangi! Afrika Kusini na dhahabu yake yote ilisubiri hadi 1976 kuwa na televisheni ya aina yoyote. Na Bara? Kule ilihesabiwa anasa, wananchi watosheke na redio.

Sasa nauliza, Zanzibar si Tanzania? Picha ya Forodhani ikitakiwa kwenye tangazo la utalii, sisi Watanzania wa mstari wa mbele. Ikifika kuhesabu nani alitangulia, tunafutwa, historia inaanzia Dar. Na wala si chuki, ningeielewa chuki. Ni mazoea tu: mtu anasema "Tanzania" huku kichwani mwake nchi inaishia ufukweni Kivukoni. Halafu jibu hilo linaingia kwenye mtihani wa skuli, na mtoto wa Michenzani atakayeandika alichosimuliwa na bibi yake anapigwa kosa.

Cha kuchekesha, hao wa Dar wenyewe walikuwa wakiitizama. Ami yangu akikaa Upanga miaka ya themanini alikuwa na mlingoti mrefu kuliko mnazi wa jirani, antena imeelekezwa baharini. Mmoja juu anazungusha, mwengine dirishani anapiga kelele: "Bado chenga! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Akiwaona jirani wanakuja na mikeka, hujifanya amelala.

Haya, nikubali na mabaya, maana najua mtaniandikia. TVZ ilikuwa mdomo wa serikali, na taarifa ya habari ilikuwa kiongozi kafungua, kiongozi kapokea, kiongozi kaondoka. Pesa ya karafuu iliyoileta ilikuwa pesa ya watu waliokuwa wanapanga foleni ya mchele. Ushindani wa kweli wa habari ulikuja na hao hao wa 1994. Yote sawa, lakini ubaya wa kituo haubadilishi mwaka wake wa kuzaliwa.

Na wenyewe wenye kituo, pale Karume House, nao wasinyamaze kama hayawahusu. TVZ na redio ya Sauti ya Tanzania Zanzibar zimeunganishwa tangu 2013, jina jipya ZBC, Shirika la Utangazaji Zanzibar, nembo mpya. Mikanda ya zamani iko wapi? Taarabu, ngoma, mechi za uwanja wa Mao, gwaride za Januari. Kama ipo, iwekeni mtandaoni watu waone. Kama mmeifuta ili mrekodie sherehe nyengine, semeni tujue.