Presha ya Oili Ikipita Kiasi, Msimpongeze Fundi Bado

Hapa Malindi, mtu akitoa Land Rover yake gereji baada ya injini kufanyiwa ovahoo, huwaita wenzake waje kuona mshale wa geji ya oili. Ukiwa umelalia mwisho kabisa wa juu, fundi husifiwa papo hapo: injini imekaza, imerudi kuwa mpya. Mimi sifa hizo nazipinga, na nazipinga kwa uchungu, maana injini hizi za zamani hazitengenezwi tena na kila kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inayoharibika ni moja imepungua duniani.

Pampu kazi yake ni kusukuma oili. Presha inatokana na ugumu ambao oili inakutana nao njiani, hasa katika upenyo mwembamba ulio kati ya kranki na beringi zake, yaani vipande laini vya chuma inamozungukia. Ziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba uone: presha itapanda, lakini ndoo itachelewa kujaa. Beringi inaokolewa na oili iliyoifikia. Kwa hiyo injini yenye moto inayosoma paundi 90 kwa inchi ya mraba inanitia wasiwasi kuliko inayosoma 40.

Nasema hasa juu ya injini ya petroli ya lita 2.25 iliyokuwa kwenye Series II na Series III, ambazo bado zinaonekana barabara ya Mambrui na njia ya Marafa. Kitabu chake cha ufundi kinataka paundi 35 hadi 65 kwa inchi ya mraba, injini ikiwa na moto na gari likienda maili 30 kwa saa kwenye gia ya juu. Hayo masharti mawili, moto na mwendo, ndiyo watu wanayoyaruka. Asubuhi, oili ikiwa bado haijapata joto, mshale kupita 65 si ugonjwa.

Kabla ya kushika spana, ipimeni geji yenyewe. Nyingi ya gari hizi zilikuwa na taa ya onyo tu. Geji iliwekwa baadaye na mtu mwingine, mara nyingi na sensa iliyotoka kwenye gari jingine kabisa. Geji na sensa zisizooana zitadanganya kila siku kwa uhodari uleule. Tena kuna fundi anayezungushia nyuzi za sensa tepu nyingi hadi ardhi ya umeme inakatika. Kwa sensa ambazo ukinzani wake hupanda pamoja na presha, geji itasoma juu hata kama ndani mambo ni shwari. Toa sensa, funga geji ya mkono yenye bomba lake, usome upya. Sioni kwa nini gereji inayofungua injini za watu ikose kifaa hiki.

Halafu soma mara tatu: injini ikiwa baridi, ikiwa na moto kwenye sailensa (ikinguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta), na ikiwa na moto kwenye mizunguko kama 2,000 hadi 2,500 kwa dakika. Hapa ndipo injini inapoongea, na hapa ndipo mafundi wengi hawasikilizi. Ukikanyaga mafuta, presha yenye afya hupanda kisha ikasimama, kwa sababu vavu ya kupunguza presha imefunguka na kurudisha oili ya ziada. Ikipanda bila kusimama, vavu imekwama. Ikisimama, lakini kwenye namba kubwa mno, itilieni shaka springi ya vavu: si yake, au imewekewa washa za kuiongezea nguvu. Lakini ikiwa kwenye sailensa yenye moto tayari iko juu sana, muiache vavu. Wakati huo huwa imefunga tu. Hapo tatizo ni oili nzito, beringi zilizobana, au njia iliyoziba.

Kuhusu oili nzito nina neno. Watu wa Pwani tunaambiwa joto letu linataka SAE 50 tupu, oili ya daraja moja, badala ya 20W-50 inayokuwa nyepesi zaidi kwenye ubaridi. Kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, SAE 50 na 20W-50 zimo daraja moja la uzito. Tofauti yake kubwa iko kwenye ubaridi, pale ambapo SAE 50 ni nzito zaidi na inachelewa kupita. Kwa hiyo hatupati ulinzi wa ziada kwenye jua la saa saba. Tunapata presha kubwa asubuhi na roka, vile vikono vya juu vinavyofungua vavu za injini, zinazosubiri oili.

Njia iliyoziba ndiyo hatari kuu. Bushi za kamshafti (shafti inayosukuma roka) zikipigwa bila matundu yake kulingana na ya bloku, au gasketi ya hedi ikifunika tundu la oili, presha itapanda huku juu kunakauka. Fungua kifuniko cha roka injini ikiwa kwenye sailensa, uone kama oili inachuruzika kila mahali. Silikoni ya kuzibia inayopakwa kama siagi nayo ina lawama yake, kwa kuwa inayobanwa kuingia ndani humeguka na kusafiri.

Na tafadhali, sili ya nyuma ya kranki ikivuja, msikimbilie kuilaumu presha ya pampu. Sili hiyo inasumbuliwa zaidi na pumzi ya pistoni, yaani gesi inayopenya kando ya pistoni, iliyokosa pa kutokea. Presha kubwa ya oili inaumiza kwingine: mpira wa filta, na gia inayoendesha pampu.

Jirani yangu anayeleta samaki kutoka Ngomeni alipata paundi 90 na zaidi kila alipokanyaga, na kwenye sailensa yenye moto presha ilikuwa ya kawaida. Aliyeijenga injini alitaka kuikata springi ili mshale ushuke. Tulikataa. Kwa injini hii pampu iko ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini), kwa hiyo haikuhitajika kuing'oa. Sampu ikashushwa, plagi (kizibo) ya vavu ya kupunguza presha ikafunguliwa, na kipistoni chake kikakutwa kimekwama kwa chenga za jiwe la kusugulia silinda. Kukata springi kusingegusa chenga hizo. Kilisafishwa mpaka kikateleza chenyewe, na mshale ukasimama kwenye 55.

Yeye alitaka kufunga siku hiyohiyo, soko linamsubiri. Nikamwambia chenga zilizofika kwenye vavu zimepita pengine pia. Kifuniko kimoja cha beringi kikafunguliwa, na mikwaruzo ilikuwepo. Plagi za njia za oili kwenye bloku, ambazo hazikuwahi kutolewa wakati wa kuosha, zikatolewa zote, njia zikapigwa brashi na mafuta ya taa, na beringi zikanunuliwa upya.