Kazini nimepewa onyo kwa kutowasha VPN

Jumanne asubuhi nilikaa kwenye mgahawa wa stesheni hapa Leeds kusubiri treni, nikajiunga na waifai ya pale na kusoma barua pepe mbili za kazini. Treni haijafika, simu ikaita. Dada wa kitengo cha usalama wa mitandao, sauti ya upole ila haina mchezo: umeingia bila VPN, yaani ile programu inayoficha mawasiliano yako kwa kuyapitisha kwenye seva nyingine, na ambayo watu huitumia pia kufungua tovuti zilizofungwa. Nimeandikiwa onyo na kurudishwa darasani nusu saa.

Nilikasirika. Nilipokaa kwenye treni nikaikumbuka Dar, hasira ikahamia kwingine.

Maana nyumbani anayeiwasha ndiye mwenye wasiwasi. Tangazo la TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, la 13 Oktoba 2023 mnalikumbuka: hadi tarehe 30 kila mtumiaji wa VPN awe ameitolea taarifa, pamoja na anwani yake ya IP, ile namba inayotambulisha kifaa mtandaoni. Na kanuni zinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12.

Najua wapo watakaosema nimeonja Ulaya sasa Bongo naiona takataka. Hapana, ndugu zangu. Mimi ni wa Tandika, kompyuta nimejifunzia kwenye intaneti kafe ya Temeke nikilipia kwa dakika. Vijana wa kule wanaendesha biashara nzima kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka, na ninawasifia ofisini kila ninapopata nafasi. Ndiyo maana naumia.

Mwingine atasema hata Uingereza wanabana. Kweli wanabana. Tangu 25 Julai 2025 tovuti za ngono lazima zihakiki umri wa mtu, na wengi hapa walikimbilia VPN. Lakini tazameni tofauti. Mwaka 2024 X, zamani Twitter, waliruhusu rasmi picha za ngono za watu wazima, uamuzi ambao mimi kama mzazi naupinga. Hapa Uingereza wakataka chumba hicho kiwekewe mlango. Kwetu Tanzania, Mei 2025, ilifungwa nyumba nzima, yaani X yote, na humo walikuwamo waandishi wa habari, wafanyabiashara, hata ofisi za serikali zikitoa taarifa zake.

Na waliofungiwa hawakukaa bure, walitafuta VPN. Hapa naomba tusikilizane. Ile ya ofisini kwetu inalipiwa na mwenye seva tunamjua. Ile ya bure inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni ya nani? Mawasiliano yako yanapita kwake, anaona unaingia tovuti gani na saa ngapi. Mdogo wangu anauza madera Kariakoo na wateja wake wengi wako mtandaoni. Desemba nilipokwenda likizo nilishika simu yake nikakuta VPN tatu. Moja haikutoka hata kwenye duka la programu, alirushiwa faili na rafiki. Iliomba ruhusa ya kusoma meseji, akakubali. Kwenye meseji ndimo inamoingia miamala yake yote ya pesa na namba za kuthibitishia za benki! VPN ya kweli haina haja na meseji za mtu.

Msimwite mzembe. Tangu 29 Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nilikuwa nikitazama meseji niliyomwandikia mama, "Mko salama?", ina tiki moja. Kesho yake tiki moja. Keshokutwa tiki moja. Mtandao uliporudi mdogo wangu akapakua kila alichopewa, akisema hatatenganishwa tena na wateja wake. Na intaneti ikizimwa yote VPN haisaidii kitu, ila nani alimweleza? Kitu chenyewe watu wanakitaja kwa kunong'ona.

Mtaniambia serikali inalinda usalama wa nchi. Sawa, na huyu muuza madera hayumo nchini? Mwajiri wangu analipa watu wanifuatilie mpaka stesheni ili nisiibiwe barua pepe mbili. Mdogo wangu akiba ya mtaji wake wote iko kwenye simu, na anayempa ushauri ni faili lisilo na mwenyewe.

Juzi usiku nilimwelekeza kwa simu jinsi ya kuzifuta zote tatu na kubadilisha namba zake za siri. Alifuta moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza, "Sasa nitumie ipi, kaka?" Jina ninalo. Nimeliandika kwenye meseji mara mbili nikalifuta, kwa kuogopa ile faini ya milioni 5 isimkute yeye dukani.