Mwache Akawie Kukua

Swali ninaloulizwa mara nyingi na mtu aliyepata kwa mara ya kwanza mtoto wa mbwa wa aina kubwa sana, kama Great Dane, Mastiff au Saint Bernard, ni hili: nimlishe nini ili awe mkubwa kweli kweli? Jibu langu ni lilelile kila mara, na najua huwavunja moyo. Usimlishe chochote kwa ajili hiyo. Ukubwa ameshaurithi kwa wazazi wake, ataupata upende usipende. Kazi yako ni kuhakikisha haufikii mbio.

Hebu tazama anavyokua. Mtoto wa Great Dane anapozaliwa hata kilo moja haifiki. Kabla hajatimiza miaka 2, dume huwa na kilo 60 au 70, wengine zaidi. Sisi binadamu huzidisha uzito wa kuzaliwa mara 20 hivi, tena kwa miaka 18. Yeye anauzidisha karibu mara 100 katika muda ambao mtoto wetu ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Mifupa yake mirefu hurefuka kutoka kwenye gegedu laini lililo karibu na ncha, na gegedu hilo halimalizi kugeuka mfupa mgumu mpaka apate miezi 18 hadi 24. Mbwa wadogo huwa wameshamaliza kazi hiyo kabla ya mwaka. Kwa hiyo kwa muda mrefu unaishi na mnyama mwenye uzito wa mtu mzima aliyesimama juu ya miguu ya kitoto.

Hilo sikulijua nilipomlea wa kwanza. Kila alipoinua macho kuniangalia nilimwongezea chakula, na juu ya chakula nikamnyunyizia unga wa kalsiamu, kwa sababu aliyeniuzia aliniambia mifupa mikubwa inataka madini mengi. Alinenepa vizuri, manyoya yakang'aa, na kila aliyemwona alimsifu. Alipofika miezi 5 aliamka asubuhi moja akichechemea mguu wa mbele wa kushoto. Wiki iliyofuata ukawa wa kulia. Vifundo vyake vilivimba vikawa vya moto ukivigusa, na alipotaka kulala alisimama kwanza muda mrefu akiwa ameinamisha kichwa, kana kwamba anahesabu maumivu ya kushuka. Daktari wa mifugo alimpiga picha ya eksirei, akaniuliza anakula nini, nikamwambia. Akasema acha huo unga leo, na chakula kipunguze. Nilimpenda sana mbwa yule, na nilimuumiza kwa kumpenda bila kujua.

Sababu yake inaeleweka. Utumbo wa mbwa mzima huchukua kalsiamu kadiri mwili unavyohitaji, inayobaki hutoka. Mtoto chini ya miezi 6 hivi hana kizuizi hicho: ukimzidishia, sehemu kubwa inaingia tu, na inavuruga namna gegedu linavyogeuka mfupa. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walilionyesha hilo miaka ya 1980 kwa watoto wa Great Dane. Na kabla yao, mwaka 1974, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani walichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wa Great Dane walioachwa wale watakavyo na wenzao waliolishwa kwa kipimo. Walioachwa wale watakavyo ndio walioharibika mifupa na viungo. Ni zaidi ya miaka 50 sasa, na bado kuna watu wanauziwa unga wa kalsiamu pamoja na mtoto wa mbwa.

Basi nunua chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa wa maumbo makubwa, na usiongeze kitu. Kwenye viwango vya Marekani chakula hicho hakiruhusiwi kuzidi kalsiamu asilimia 1.8 ya uzito mkavu, na pakiti inatakiwa iseme wazi kama kinawafaa watoto watakaovuka kilo 32 wakishakua. Soma sentensi hiyo. Ikiwa imeandikwa kwamba hakiwafai, kirudishe hata kama picha ya juu ni ya mbwa mkubwa. Kupika mwenyewe nyumbani kunawezekana, lakini katika miezi ya kukua usijaribu bila daktari anayejua lishe kukupangia kwa gramu. Nyama peke yake ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mtoto anayelelewa kwa nyama tupu mifupa yake inaweza kuwa dhaifu hadi ivunjike. Kuzidi na kupungua, vyote vinamuumiza.

Kiasi gani? Jedwali la kwenye pakiti ni pa kuanzia tu. Kipimo halisi kiko mkononi mwako. Kunja ngumi, upapase vifundo vya vidole: mbavu zikiwa hivyo, amekonda kupita kiasi. Geuza kiganja juu, upapase nyama iliyo chini ya kidole gumba: mbavu zikijificha namna hiyo, amenenepa. Sasa nyoosha mkono, upapase mgongo wa kiganja, pale mifupa inapopatikana bila kuitafuta. Hapo ndipo unapotaka mbavu za mtoto wako ziwe. Mimi hupapasa kila Jumapili na kumpima uzito kila baada ya wiki 2, nikaandika kwenye daftari.

Jiandae kwa maneno. Watu watakuambia unamnyima. Watakuonyesha ndugu yake wa tumbo moja aliyemzidi kilo 8. Nyamaza, endelea na kipimo chako. Kuna utafiti uliofuatilia mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote, matokeo ya umri wao yakachapishwa 2002: wale waliokula robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka 2 zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Labrador si jitu, lakini kama wembamba unambeba mbwa wa kilo 30 kiasi hicho, sioni kwa nini mwenye kilo 70 aongezewe mzigo. Na mtoto anayekua polepole hapotezi kimo chake. Anakifikia baadaye kidogo, basi.

Mazoezi nayo yana imani nyingi zisizo na mguu. Wapo wanaomfungia mtoto ndani wakihofia viungo vyake, na wapo wanaomkimbiza kando ya baiskeli akiwa na miezi 6. Wote nawakatalia. Utafiti wa Norway wa mwaka 2012 uliwafuatilia watoto wa Newfoundland, Leonberger, Irish Wolfhound na Labrador, ukaona kwamba waliopanda na kushuka ngazi kabla ya miezi 3 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya nyonga zilizolegea, na waliotembea huru nje, kwenye ardhi laini yenye mabonde na vilima vidogo, walikuwa katika hatari ndogo. Hili naliamini kwa macho yangu pia. Mfungulie mahali salama penye nyasi, anuse, akimbie akitaka, alale akichoka. Atalala saa 18 na zaidi kwa siku, usimwamshe kucheza. Ngazi mbebe maadamu unaweza kumbeba. Kwenye gari mwekee ubao wa kupandia tangu akiwa mdogo, maana akifika kilo 60 hujamfundisha, hatakubali kuukanyaga na wewe hutaweza kumwinua. Na sakafu inayoteleza itandike mazulia. Ukimwona mtoto wa miguu mirefu akitawanyika kwenye vigae mara moja tu, utaelewa.

Akichechemea, usisubiri wiki ziishe ukitumaini ni kujikwaa. Mara nyingine ni maumivu ya mifupa ya ukuaji yanayohama mguu hadi mguu na kupona yenyewe, mara nyingine ni jambo linalotaka upasuaji mapema, na kwa macho hutaweza kuyatofautisha. Wala usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Ibuprofen humharibu tumbo na figo.

Sasa tabia. Chochote anachofanya leo, kiwazie kikifanywa na kilo 70. Kukurukia kifuani ukirudi kazini, kuvuta kamba akiona paka, kung'ang'ania bakuli, kukuuma mikono kwa mchezo. Leo kinachekesha na kesho kitamwangusha mzee. Samaki mkunje angali mbichi, na samaki huyu anakauka upesi kuliko wote: akiwa na miezi 4 anaweza kuwa na kilo 25, bado meno ya utoto hayajaisha kinywani. Sheria yangu nyumbani ni moja, salamu hutolewa miguu minne ikiwa chini. Akiruka, mgeni anageuka mgongo. Akitulia, anapapaswa na kupewa tonge. Wageni wote waambie kabla hawajaingia, kwa kuwa mmoja anayesema "mwache, mimi napenda mbwa" anabomoa kazi ya mwezi.

Mzoeshe pia kushikwa. Kila siku dakika chache nainua mguu mmoja, nagusa kucha, nampa tonge. Nafunua mdomo, naangalia meno, natazama ndani ya masikio. Namsimamisha kwenye mzani. Mtoto wa wiki 9 unaweza kumlazimisha haya yote kwa mkono mmoja, na hapo ndipo wengi hukosea, wanamlazimisha kwa kuwa wanaweza. Mwaka haujaisha hawawezi tena, na mbwa bado anakumbuka. Mshawishi tangu siku ya kwanza kama vile tayari amekuzidi nguvu.

Dirisha la kuuzoea ulimwengu hufunguka akiwa na wiki 3 hivi na kuanza kufungwa akiwa na wiki 14. Chanjo kwa wakati huo hazijakamilika, na parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, inaua, kwa hiyo usimweke chini mahali wanapopita mbwa usiowajua. Lakini mbebe. Mkalishe mapajani aone magari, watoto, miavuli, mtu wa magongo, asikie mvua ikipiga bati. Mbwa mkubwa mwenye hofu anaweza kuwa hatari kama mbwa mkubwa mkali, kwa sababu dalili za hofu ni rahisi kutoziona.

Kuna jambo moja lazima ulijue usiku wa kwanza kabisa, ingawa huwapata zaidi waliokwishakua. Tumbo la mbwa mwenye kifua kirefu huweza kujaa gesi kisha likajisokota, damu isipite. Great Dane ndiye anayeongoza kwa ugonjwa huu. Utamwona hatulii, anataka kutapika na hakuna kinachotoka isipokuwa povu, mate yanamtiririka, tumbo limevimba na kukaza. Usimpe maji wala mafuta, usimwite jirani aje kuangalia. Mtie garini. Zimebaki saa chache, na kila moja ina thamani. Tafuta leo daktari anayepokea usiku, uhifadhi namba yake. Muulize pia kuhusu upasuaji wa kulishona tumbo kwenye ukuta wa fumbatio ili lisijizungushe, maana unaweza kufanywa siku ileile ya kuhasiwa. Kuhasi kwenyewe wengi sasa hushauri kungojea mpaka mifupa ikomae; mzungumze naye. Bakuli mimi naliweka chini sakafuni. Zamani tuliambiwa tuliinue, lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue uliochapishwa 2000 ulikuta walioinuliwa bakuli walipatwa zaidi na tumbo kujisokota. Milo nayo igawe, usimpe yote kwa mkupuo.

Wengi wa mbwa hawa hawafiki miaka 10. Great Dane mara nyingi ni 7 au 8, na ukimchukua lazima ulibebe hilo mapema. Ndiyo maana nakasirika nikiona mwaka wake wa kwanza unapotea kwa mashindano ya kilo. Miguu anayojengewa sasa ndiyo atakayosimamia siku zake zote chache.

Wa pili nilimlea kwa daftari na kwa mkono wa kila Jumapili. Alikuwa mwembamba kuliko ndugu zake wote, na nilisemwa sana. Juzi ametimiza miaka 3. Kliniki alishuka garini kwa ubao wake, akaingia, akapanda mzani mwenyewe bila kushikwa, akakaa akinitazama akingojea tonge lake. Kilo 66. Nilipapasa vifundo vyake vya mbele, kushoto kisha kulia. Vilikuwa baridi.