Roboti peke yake hairudishi kiwanda
Kuna mwandishi anayesema roboti zikishashuka bei, viwanda vilivyohamia Asia vitarejea vyenyewe Ulaya na Marekani, kwa kuwa mshahara wa kibarua hautakuwa hoja tena. Sikubaliani. Adidas walijaribu hilo hilo: walijenga Speedfactory, yaani kiwanda cha viatu cha roboti, mjini Ansbach, Ujerumani, kisha nyingine Atlanta, Marekani, na mwaka 2019 wakatangaza kuzifunga zote mbili na kupeleka teknolojia yake kwa watengenezaji wao wa Vietnam na China. Mashine zile zilimudu viatu vya kukimbilia ambavyo sehemu ya juu ni ya kufumwa. Vya ngozi zilivishindwa. Mimi kazi yangu ni kununua vipuri, na kinachonikwamisha mara nyingi ni kukosa majirani wa kiwanda: nani anatengeneza skrubu, nani anachonga kalibu (umbo la kumiminia plastiki au chuma), nani anapaka rangi. Kalibu ikiwa na kasoro ya nusu milimita, kule penye mafundi wengi inapelekwa mtaa wa pili asubuhi, jioni imesharudi. Kwingine unaandika barua pepe na kusubiri wiki tatu. (Na roboti ikiharibika inataka fundi na kipuri vilevile.) Tena kitambaa kinateleza, kinavutika, kinajikunja, vidole vya mshonaji vinajua la kufanya, mkono wa chuma bado unahangaika. Kuna yeyote hapa aliyewahi kurudisha uzalishaji nyumbani? Skrubu ulizipata wapi?