Mwenye duka ajilipe mshahara

Duka likifa, hukumu ya mtaani ni moja: mwenyewe amekula mtaji. Washauri wa biashara nao humwambia asiguse fedha ya duka kwa mambo ya nyumbani.

Kuhusu madhara hawakosei. Chukua duka la rejareja linalouza shilingi 300,000 kwa siku, faida ghafi ikiwa asilimia 15, yaani 45,000. Pango, umeme na msaidizi vichukue 15,000. Kodi na bidhaa zilizoharibika 5,000. Imebaki 25,000. Mwenye duka akichota 40,000 haoni ubaya, maana jioni droo ina laki tatu. Kumbe 15,000 kati ya hizo ni mtaji, na kuirudisha kunataka mauzo ya ziada ya 100,000 ambayo faida yake haiguswi hata senti. Kila siku! Kwa mwezi zimeondoka 450,000. Bidhaa za milioni tatu zingemalizika kabla ya miezi saba kutimia, lakini huisha mapema zaidi, kwa sababu sukari na mafuta vikikosekana wateja huhamia duka la jirani, mauzo yakashuka, pango likabaki lile lile.

Hata hivyo, mtu huyu anaonewa. Hana mshahara kwingine. Ada za watoto, msiba na dawa za mzazi vyote vinamkuta palepale dukani. Tena kama amesajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, jina la biashara tu, si kampuni, sheria haimtenganishi na duka lake: madeni ya duka ni yake mwenyewe, na fedha vilevile. Kumwambia asiguse ni kumtaka afanye kazi bure. Atagusa tu, na kwa kuwa amekatazwa, hataandika. Hilo la kutoandika ndilo linaloua duka, kwa sababu upungufu usio na maandishi hudhaniwa ni wizi wa msaidizi au ubaya wa biashara.

Ajilipe, basi. Katika mfano wetu 18,000 kwa siku inabebeka, yaani 126,000 kila Jumamosi, zitoke kwenye lipa namba ya duka kwenda laini yake binafsi ili kumbukumbu ibaki. Katika 7,000 inayosalia kila siku, 4,000 iwe fungu la dharura, 3,000 iongeze bidhaa. Dharura ikizidi fungu, aandike mkopo na tarehe ya kurudisha.

Wapo wanaosema mshahara maalumu huumiza miezi mibaya, kama Januari ada zinapokausha mifuko ya wateja. Ni kweli, ndiyo maana kiwango kipangwe kwa mauzo ya mwezi dhaifu kuliko yote, si kwa Desemba.

Sabuni na unga unaopelekwa nyumbani navyo viandikwe, kwa bei ya kununulia, vikatwe kwenye mshahara wa wiki hiyo. Bila hivyo, hesabu ya bidhaa ya mwisho wa mwezi haitakubali kulingana na daftari.