Msanii Akihama Mdundo, Mlalamikaji Naye Asikilizwe

Msanii wa muziki wa kielektroniki aliyetokea kwenye vyumba vya giza vya klabu ndogo akitoa wimbo wenye mwimbaji na kiitikio, kesi hufunguliwa upya. Upande mmoja unasema amejiuza. Upande wa pili unajibu kwamba msanii ni mtu huru, anakua, na hawezi kupiga mdundo uleule mpaka mvi zimtoke. Jibu hilo la pili ni la haki, na limezoeleka kiasi kwamba siku hizi hakuna anayejisumbua kulitetea. Anayelalamika huonekana mkongwe mwenye kijicho, mtu asiyetaka kukubali kwamba ujana wake umekwisha. Mimi naona ana hoja, ila anaieleza vibaya. Analalamikia sauti, na kinachomuuma ni kingine.

Tuanze na pale anapokosea, maana hapahitaji maneno mengi. Historia haimuungi mkono anayedai kwamba nyimbo za chati zilikuja baadaye kuharibu kitu kilichokuwa safi. Jina la tekno, muziki wa dansi wa mashine ulioanzia Detroit, lilienea Ulaya mwaka 1988 kupitia mkusanyiko uitwao "Techno! The New Dance Sound of Detroit", uliotolewa Uingereza na 10 Records, lebo iliyokuwa chini ya Virgin. Wimbo uliobamba kuliko yote humo ulikuwa "Big Fun" wa Inner City, kundi la Kevin Saunderson na mwimbaji Paris Grey, ulioingia kumi bora za Uingereza. Tekno iliingia sebuleni kwa watu ikiwa tayari na kiitikio.

Wala si kweli kwamba kila anayehama anafuata pesa. Moby, aliyejulikana kwa muziki wa dansi, mwaka 1996 alitoa "Animal Rights", albamu ya magitaa yenye ghadhabu za panki. Ilianguka vibaya. Miaka mitatu baadaye akatoa "Play", na nyimbo zake zote zikapewa leseni za matangazo, filamu au televisheni. Ni mtu yuleyule, na wa kwanza kumcheka alipopata hasara ndio waliomlaumu alipopata faida.

Hoja nzito zaidi ya upande wa uhuru inatoka Chicago. Muziki wa hausi, mtoto wa disko, ulikuzwa katika klabu ya Warehouse, iliyofunguliwa mwaka 1977, ambako Frankie Knuckles aliwapigia watu weusi na Walatino, wengi wao mashoga. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Julai 1979, kreti lililojaa santuri za disko lililipuliwa katikati ya uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, mjini humohumo, huku maelfu wakishangilia. Waliokuwa wakicheza chini kwa chini walikuwa wamefungiwa milango ya juu. Kumwambia mtu kama huyo kwamba akipendwa na wengi amesaliti ni kumgeuzia kifungo chake kiwe sifa. Hapo mlalamikaji hana la kujibu, na asijaribu.

Sasa tuende Croydon, kusini mwa London, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambako hoja yake inapata miguu. Palikuwa na duka la santuri liitwalo Big Apple. DJ Hatcha aliuza nyuma ya kaunta, na vijana wadogo waliojiita Skream na Benga walishinda hapo. Muziki wa besi nzito ambao baadaye uliitwa dabstepu ulikuwa ukitengenezwa kwenye kompyuta za vyumbani. Prodyuza akimaliza wimbo aliupeleka Transition, studio ya Forest Hill, ukachongwa kwenye bamba la asetati. Bamba hilo ni laini. Sindano hulila kila linapopigwa, na kadiri linavyozidi kupigwa ndivyo sauti za juu zinavyofifia na mikwaruzo inavyoongezeka. Halikukusudiwa kudumu. Lilikuwa la kupelekwa FWD, usiku wa dansi uliokuwa ukifanyika Plastic People, klabu ndogo ya mashariki mwa London yenye giza na spika kubwa kuliko chumba, ili prodyuza asikie watu watafanyaje.

Na watu walifanya kazi. Neno hilo nalitumia kwa makusudi. Besi ikishuka na chumba kikalipuka, DJ aliisimamisha santuri na kuirudisha mwanzo. Chumba kikipoa, prodyuza alirudi nyumbani akijua pamelegea wapi. Redio za kawaida kwa sehemu kubwa hazikuugusa muziki huo. Ulirushwa na Rinse FM, kituo cha maharamia kilichoanza mwaka 1994 na kisichopata leseni hadi 2010. Kurusha matangazo bila leseni kulihitaji mtu apande usiku juu ya maghorofa kufunga antena, na mmoja wa waasisi wake, DJ Slimzee, mwaka 2005 alipigwa marufuku kwa amri ya mahakama kukanyaga mapaa ya majengo marefu. Hao ndio watu waliokuwa nyuma ya "Midnight Request Line", kibao cha Skream kilichotolewa na lebo ya Tempa mwaka huohuo wa 2005 na kuufanya muziki huo usikike nje ya mtaa wake.

Mwaka 2013 Skream alitoa "Rollercoaster", wimbo wa disko wenye mwimbaji. Toka hapo akajikita kwenye disko, hausi na tekno. Alikuwa na haki zote. Alianza akiwa mtoto, na kumdai mtu mzima aishi ndani ya mdundo alioubuni utotoni ni ukatili. Lakini mtazame pia aliyesimama pale Plastic People wimbo ukiwa bado haujakamilika. Huyo hakuwa mteja wa kawaida anayenunua bidhaa iliyokwisha. Alilipa kiingilio ili asikilize majaribio, akavumilia yaliyoshindwa, na kelele zake zikaamua yapi yatatolewa na yapi yatupwe. Anaposikia kwamba "muziki unabadilika, zoea", anachosikia ni kwamba mchango wake haukuwahi kuwepo. Anajitetea kwa maneno aliyonayo: mdundo umelegea, besi haipo, siku zile tulikuwa tunafanya kweli. Anaonekana mjinga wa vionjo, kumbe alichokuja kudai ni mkopo.

Anadai nini hasa? Hawezi kudai sauti irudi. Anachoweza kudai ni kwamba aliyepanda juu asijifanye alizaliwa hukohuko. Na hapa mambo hayaendi kama walinzi wa andagraundi, yaani walalamikaji wanaoulinda muziki wa chini kwa chini, walivyotabiri. Hakuna aliyelaumiwa kwa ajili ya dabstepu kama Skrillex, Mmarekani aliyetoka kwenye bendi ya roki ya From First to Last na kuifanya besi ile iwe kelele ya matamasha makubwa. Mwaka 2012 alinyakua tuzo tatu za Grammy, na walinzi wakaona ndio mazishi. Lakini mwaka 2023 huyohuyo, pamoja na prodyuza Mwingereza Fred again.., alitoa "Rumble" akimpa maikrofoni Flowdan, msanii mwenye sauti nzito kutoka kundi la Roll Deep na miaka ya redio za maharamia za London, na mwaka uliofuata wimbo huo ukashinda Grammy. Aliyeitwa mharibifu alirudi mlangoni na kumtaja mwenye nyumba kwa jina. Wimbo mmoja haulipi kodi ya klabu, sawa. Lakini wapo wengi waliohama kwa ustaarabu zaidi na hawakumtaja yeyote.

Kuna desturi ya zamani iliyokuwa ikimaliza ugomvi huu kabla haujaanza, nayo ni majina. Mwaka uleule wa 1988 ambao Inner City walikuwa kwenye chati na "Big Fun", Kevin Saunderson alitoa "Just Want Another Chance" kwa jina la Reese. Ni wimbo wa giza, wenye besi inayonguruma na kujizungusha, besi ambayo miaka iliyofuata ilichukuliwa na watu wa jango na dramu-na-besi, mitindo ya kasi ya Uingereza, na hadi leo wanaiita kwa jina hilohilo la Reese. Mtu mmoja, mwaka mmoja, chati huku na pango kule. Hakuna aliyedanganywa, kwa sababu jina kwenye lebo ya santuri lilikwambia unanunua nini. Carl Craig wa Detroit alikuwa Paperclip People na 69. Mwingereza Richard D. James alikuwa Aphex Twin, AFX, Polygon Window na mengine ya kuchosha kuyahesabu. Aliyehama kwa mtindo huo aliweza kurudi wakati wowote, kwa sababu nyumba ya nyuma ilibaki na jina lake mlangoni.

Leo wafuasi hawahami na msanii. Anayeanzisha jina jipya anaanza na sifuri, na sifuri ya sasa ina bei yake. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Kampuni ina maelezo yake: fedha za nyimbo hizo ni senti chache, nyingi hukwama kwa wasambazaji bila kumfikia msanii, na kizuizi hicho kinawakatisha tamaa wanaojaza mtandao kwa kelele za kutafutia hela. Yana ukweli ndani yake. Mara 1,000 hazimnunulii mtu hata waya wa sinthesaiza.

Lakini itazame hesabu hiyo kidogo, maana senti sizo zinazonisumbua. Msanii anatoa nyimbo nane za majaribio kwa jina jipya, kila moja ikasikilizwa mara 900. Jumla ni mara 7,200, na malipo ni sifuri. Mwingine anatoa wimbo mmoja ukasikilizwa mara hizohizo 7,200, huyu analipwa. Masikio ni yaleyale na muda ni uleule, tofauti ni kwamba wa kwanza alitawanya na wa pili akapiga palepale. Kanuni inamfundisha mtu asijaribu mara nane. Au chukua watu 300 wanaoupenda wimbo kweli, kila mmoja akausikiliza mara tatu kwa mwaka. Ni mara 900, haujafika. Kwa lebo ndogo, watu 300 ni toleo zima la santuri, limeisha dukani, gharama imerudi na santuri inayofuata inaweza kuchapwa. Ukubwa uleule wa hadhira ambao zamani ulitosha kumfanya mtu aendelee, kwenye mfumo huu hausomeki kabisa. Na santuri ya kwanza kuuzwa ililipa kama ya mia tatu, hakuna aliyeambiwa asubiri wenzake wafike.

Ndiyo maana naona mlalamikaji ameshika jambo la kweli kwa mkono usio wake. Zamani kuhama kulikuwa kwa kwenda na kurudi. Siku hizi mteremko ni wa upande mmoja, kutoka kwenye kidogo kinachojitosheleza kwenda kwenye kikubwa, na msanii anayeteleza humo huenda hakuamua lolote. Anapotetewa kwamba "amekua", tunamsifu kwa uhuru ambao huenda hakuutumia. Pengine angependa kutengeneza ile santuri ya watu 300 pia, lakini meneja, promota na takwimu za kwenye simu yake vyote vinamwambia hiyo ni kupoteza muda.

Wapo watakaosema nawabembeleza walinzi, na walinzi wenyewe wana madoa. Baadhi yao ndio walioacha kununua santuri miaka mingi iliyopita. Wengine waligeuza ulinzi kuwa kizuizi mlangoni dhidi ya wanawake na wageni, wakiita hilo kulinda vionjo. Na DJ mwenye watoto na masikio yaliyochoka hawezi kulipwa kwa heshima ya watu waliobaki nyumbani. Hayo yote nayakubali.

Hata hivyo, walipokuwa makini, walinzi hawakuwahi kupima kwa ugumu wa mdundo. Angalia kundi la tekno la Underground Resistance wa Detroit, waliokataa picha na kufunika nyuso. Wimbo wao uliosafiri mbali kuliko mingi, uliotengenezwa na DJ Rolando mwaka 1999 na kujulikana kama "Knights of the Jaguar", ni laini, umejaa sauti za ala za nyuzi na melodia ambayo hata asiyejua tekno anaweza kuiimba. Ulipigwa kwenye klabu kubwa kila mahali, na hakuna aliyesema wamelegea. Kelele zilipigwa pale Sony ya Ujerumani ilipotengeneza nakala yake bila idhini yao, na mashabiki wakaijia juu kampuni hiyo kutoka nchi mbalimbali. Swali lilikuwa la umiliki: wimbo ni wa nani, na nani ana haki ya kuuchukua.

Swali hilo lilirudi mwaka 2025. Boiler Room, iliyoanza London mwaka 2010 kwa kurusha ma-DJ kwenye mtandao kutoka chumba kidogo, ilinunuliwa na Dice, kampuni ya kuuza tiketi, mwaka 2021, kisha ikaangukia kwa Superstruct, kampuni ya matamasha ambayo KKR, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, ilikuwa imeinunua mwaka 2024. Wasanii kadhaa walijitoa kwenye maonyesho yake wakipinga uwekezaji wa KKR katika kampuni zenye uhusiano na Israeli, wengine wakabaki, na ubishi ukawa mkali kuliko wowote uliowahi kumhusu Skream. Katika ubishi huo hakuna aliyeuliza nani anapiga tekno ngumu na nani ana kiitikio cha redio. Waliojitoa walikuwamo wa kila mdundo, na waliobaki vilevile.